Jina la Kanga ya Mwantumu

Mwenye karanga mdomoni amalize kutafuna, na mwenye simu aifunike. Swali liko mwisho kabisa, na atakayelijibu kabla hatujafika huko tutajua kwamba alizaliwa na haraka.

Mtaa mmoja wa Tanga, nyuma ya soko, walikaa watu watatu. Kila mmoja alipewa kipawa kimoja tu, maana Mungu akigawa vipawa hatumii pakacha, anatumia kijiko.

Wa kwanza ni Bi Chiku, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Kipawa chake masikio. Mtaa mzima ulimwita kiziwi, kwa sababu mashine ikiwaka ukimwamkia haitiki. Kumbe haitiki kwa kuwa anasikiliza kitu cha maana zaidi ya shikamoo yako. Alikuwa akisimama kando ya mota, akikunja uso, na kusema, "Beringi hii haifiki Jumatatu." Na haikufika.

Wa pili ni Semboja, fundi wa simu. Kipawa chake mikono. Angeweza kumtoa kuku mwiba jichoni, na kuku asiache kudonoa. Lakini alipokwenda kuposa, mama wa binti aliutazama mkono wake akasema, "Mkono laini hivi, mwanangu atakula nini?" Posa ikarudi.

Wa tatu ni Mzee Mdoe, mkodishaji wa taa za mapambo ya harusi. Kipawa chake subira. Mnazijua zile taa zake za zamani: mia zimefungwa waya mmoja, ikiungua moja zote zinanuna. Wenzake huutupa waya. Mdoe hukaa chini, akachomoa moja, akajaribu, akairudisha, akachomoa ya pili. Shemeji zake walimpa jina la Kobe, na walimwita hivyo mbele ya sahani yake ya wali.

Sasa yuko Mwantumu. Huyu kipawa chake ni kuchora, na kwa kutengeneza vitu usimpe hata mfuniko wa sufuria. Alichora kanga. Pindo la majani ya mkonge, na mji, ile sehemu ya katikati, wa machungwa yaliyokatwa nusu, mbegu zinaonekana. Aliichora kwenye kompyuta, zile za kukunja zenye nguvu, ambazo vijana huchezea michezo ya vita: ina feni mbili na taa chini ya vitufe. Kompyuta nyingine za mtaani zingeonyeshwa picha ile zingekata roho kabla ya kuifungua. Nakala hakuweka popote. Msimcheke; nyie picha za harusi zenu mmeziweka wapi?

Mashine ile aliilea kama bibi harusi kwenye fungate. Kuiweka mezani aliona ni kuichubua, basi akaiwekea mto wa sufi mapajani. Akifanya kazi, kitambaa cha kufuma kiliifunika nyuma, hapo hapo panapotoka joto, kwa sababu nyumba ya heshima haiachi chombo uchi. Na kila Alhamisi jioni aliifukiza udi, jicho baya lisiingie. Jicho baya halikuingia kweli, maana hata hewa haikupata njia.

Mashine ikaanza homa. Ikaunguza mapaja, ikanguruma kama imedhulumiwa, kisha ikazima. Akiiwasha, akiifungua picha, inazima tena.

Na kiwanda cha nguo kilikuwa kimeshamkubalia. Kanga yake ingechapwa kwa ajili ya Idd, ilimradi picha kamili, pamoja na jina la kanga, yale maneno ya chini ya mji, ifike Alhamisi kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, zamu ni ya mchoraji mwingine. Siku ya Jumatatu akaipeleka kwa fundi wa mjini mwenye kiyoyozi. Fundi hata hakuifungua. "Ubao mkuu umekufa, dada. Tupa."

Mwantumu akarudi nyumbani analia, akala kiapo uani mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele: "Wallahi, atakayeiponya mashine hii, jina la kanga yangu ni lake!"

Wanawake wakaacha mchele. Mnajua jina la kanga ni nini. Ni kumwambia mtu jambo mbele ya watu wote na mdomo wako umefungwa. Na likishachapwa halifutiki. Litavaliwa na watu usiowajua, katika misiba usiyoalikwa.

Bi Chiku alikuja kurudisha sinia.

"Washa hiyo kitu," akasema.

"Itazima, Bi Chiku."

"Ndiyo nataka niisikie ikizima."

Ikawashwa. Bi Chiku akainama, akaweka sikio juu yake kama anayesikiliza kifua cha mtoto. Watu wakaanza kukonyezana, kiziwi anaagua. Mashine ikanguruma, ikanguruma, ikazima.

"Haijafa hii," akasema. "Imekabwa. Mota inazunguka vizuri lakini upepo hautoki. Ndiyo sauti ya mashine yangu ikijaa pumba. Tena nasikia feni moja. Ulisema zipo mbili?"

"Mbili, Bi Chiku."

"Basi mwenzake amelala. Inapumulia wapi?"

Mwantumu akaigeuza, akamwonyesha vitundu vya chini.

"Na unaiweka juu ya nini?"

"Juu ya mto. Isichubuke."

Bi Chiku akauinua mto. "Umemwekea mto puani asichubuke. Mwanangu, ukizaa utuite mapema. Sasa kamwite mtu mwenye bisibisi, na huyo maiti wenu msimzike."

Akachukua sinia jingine lililokuwa lake tangu zamani, akaenda zake.

Kumbukeni: mpaka hapo mashine ilikuwa imeshatangazwa mfu. Bila yale masikio, ingekuwa jalalani na kuku wameipanda.

Semboja akaja na bisibisi zake, nyembamba kama sindano za kushonea shanga. Akatandika kanga chini, akaifungua mashine, akaguna.

"Kuna nini?" Mwantumu akauliza.

"Godoro, dada."

Sufi ya mto ilikuwa imevutwa yote ndani. Moshi wa udi ukaigandisha, mpaka feni zikaota ndevu. Akazinyoa kwa brashi na spiriti. Chini ya mabomba ya shaba yanayobeba joto, ile dawa laini inayopakwa juu ya ubongo wa mashine ili joto lipite ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Akaikwangua, akapaka mpya, nyembamba, sawasawa.

Ikabaki feni iliyolala. Waya wake, mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatika pale unapoungana na ubao, mahali padogo kuliko goti la chawa. Wakati wa kuuchomea, mkono ungetetemeka mara moja tu, ubao ungekufa kweli.

"Mnyamaze," akasema Semboja.

Uani palinyamaza hata jogoo. Risasi ya kuchomea ikayeyuka, ikameta, ikashika. Mashine ikafungwa, ikawashwa, feni mbili zikazunguka, na ukiweka kiganja nyuma unapata upepo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwantumu akaifungua picha, mkonge ukatokea, machungwa yakatokea, na mama mmoja akasema, "Weka jina tuone!"

Picha ikararuka mistari mistari. Ikaganda. Vitufe havikusikia tena.

Semboja akaigusa. Baridi. Akaizima, akaiwasha, akafungua picha, ikaganda tena. Akajaribu mpaka jasho likamtoka yeye badala ya mashine.

"Dada, nimemaliza nilichonacho," akasema, akiviringisha bisibisi zake. "Pengine yule wa mjini alisema kweli. Tafuta nyingine."

Lakini kumbukeni: bila mikono ile, maneno ya Bi Chiku yangebaki kuwa tanzia nzuri.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Mzee Mdoe alikuwa nyumba ya pili anapima ukuta wa kutundikia taa. Vigelegele alivisikia, kisha akasikia kilio cha Mwantumu, akaona bora aje aulize.

"Mwanzo ilikuwa inazima ikiwa moto?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa inaganda ikiwa baridi?"

"Ndiyo."

"Basi wagonjwa walikuwa wawili, kitanda kimoja. Mmoja mmemponya. Yule mwingine mlikuwa hamumwoni kwa sababu mwenzake anapiga kelele." Akavuta kigoda. "Semboja, humo ndani kuna vitu vinavyofanana, vingi, vya kuchomoa na kuchomeka?"

"Memori, mzee. Vipande vinne."

"Chomoa vyote. Rudisha kimoja. Iwashe, iache ijipime yenyewe mpaka mwisho. Kisha kingine."

"Mzee, hiyo itafika kesho!"

"Unaondoka kwenda wapi, mjukuu wangu? Posa imerudi."

Watu wakacheka, Semboja naye akacheka, akazikunjua bisibisi. Kipande cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu mashine ikaganda, na wote wakaruka juu: "Ndicho!"

"Kaeni," akasema Mdoe. "Taa haikuwaka. Ni taa mbovu, au soketi mbovu? Kihamishe."

Wakakihamisha, ikaganda vilevile. Wakaweka kizima mahali pake, ikaenda. Cha nne wakakipima pia, ingawa Mwantumu alikuwa ameshika kichwa anasema inatosha. Mzee Mdoe alikuwa anakunywa kahawa, na hakuna aliyemwona akitazama saa hata mara moja.

Alhamisi, adhuhuri imeshapita, memori tatu nzima ziko ndani, ile mbovu imewekwa kwenye kisosi kama jino. Mashine imewekwa juu ya vibao viwili, chini wazi. Kitambaa cha kufuma kimerudi juu ya redio, kinakostahili. Mwantumu akafungua picha. Ikafunguka. Wakangoja, ikakaa. Akaikuza mpaka mbegu ya chungwa ikawa kubwa kama ngumi, ikakaa.

Kumbukeni na hili: bila subira ile, masikio na mikono vingekuwa vimemfukuzia maiti homa.

Bi Chiku naye alikuwa amerudi kusikiliza. Mwantumu akafuta macho. "Haya wazazi wangu. Jina?"

Midomo mitatu ikafunguka pamoja.

Bi Chiku: "Andika, MLINIITA KIZIWI, YOTE NIMEYASIKIA."

Semboja: "Andika, MKONO MLIOUKATAA LEO MNAUTAFUTA."

Mzee Mdoe, wa mwisho kama kawaida yake: "Andika, MIMI TARATIBU, NYIE MMEFIKA WAPI?"

Wanawake wa uani wakapiga makofi kwa yote matatu, wasaliti wale.

"Nyie mlikuwa mnafungua nini?" Bi Chiku akasema. "Mlikuwa na maiti, nikawaambia anapumua. Anayemkuta mtu hai kaburini ndiye aliyemponya."

"Kwa heshima zako, Bi Chiku, ulisema ukaenda na sinia," akajibu Semboja. "Aliyeunga waya amezuia pumzi ni mimi. Na memori za Mzee Mdoe zilichomolewa na vidole vya nani?"

"Vidole vilivyokuwa vinaviringisha bisibisi viende nyumbani," akasema Mdoe.

"Wewe ulikuta kazi imekwisha!" Semboja akadakia.

"Kama ilikuwa imekwisha, kilio nilichosikia kilikuwa cha nini?"

Mama yake Mwantumu akaleta busara yake: doti ina vipande viwili, kila kipande kipewe jina lake. Akaulizwa wa tatu ataandikwa wapi, kwenye leso ya kichwa? Na tangu lini vipande vya doti moja vikasema maneno tofauti? Mwingine akasema yaunganishwe yote matatu. Kanga yenye maneno matatu si kanga, ni tangazo la mkutano. Mwingine akasema ipigwe kura. Kura ni kwa watu wasiojua nani alifanya nini, na hapa kila mtu ameona kwa macho yake. Yuko aliyenong'ona kwamba Mwantumu aandike lake mwenyewe, kanga ni yake. Mama yake akamkanyaga mguu. Wallahi iliyosemwa juu ya mchele haimezwi.

Na hawa watatu hawana ugomvi, msidhani. Wamekaa mkeka mmoja, wanakula halua ya sahani moja, kila mmoja anamsukumia mwenzake kipande kikubwa. Ila jina hakuna anayelisukuma.

Feni zinazunguka taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mkonge umekaa pindoni, machungwa yamekaa mjini, na chini ya mji pana nafasi nyeupe ya mstari mmoja. Kiwanda kinangoja mpaka saa kumi. Muadhini wa alasiri ameshakohoa.

Haya, sasa mdomo ni wenu. Aliyejua kwamba mgonjwa yu hai, aliyemfungua akamtibu, na aliyekataa kuondoka kabla ugonjwa wa pili haujaonekana: ungekuwa wewe ndiye Mwantumu, vidole viko juu ya vitufe, ungeandika la nani? Na fikiri kabla hujajibu, maana Idd inakuja, utajifunga kanga hiyo, na wa kwanza kukutana naye mlangoni atakuuliza unamsema nani.