Maji Yaliyonyimwa Njia

Maji yaliyonyimwa njia hupasua chuma. Leo mmeisikia methali hii mkaguna, mkauliza kitu laini kama maji kinapasuaje chuma. Basi endeleeni kumenya viazi, wajukuu zangu, niwaeleze neno hili lilikozaliwa.

Kule Idunda, milimani Makete, palikuwa na mkamwana aliyeitwa Twilumba. Kila asubuhi, kabla abiria hawajafika bwawani, alifuta sakitu kwenye mabao ya boti, ule umande unaoganda usiku ukalala mweupe kama chumvi. Akimaliza, baba mkwe wake, Mzee Luvanda, huvuta kamba ya injini, nayo ikakohoa, wakaanza kuvusha watu: wanawake wenye mbegu za viazi, na wajawazito waendao zahanati ng'ambo. Boti ilikuwa ya kijiji, na hapakuwa na nyingine.

Asubuhi moja ya Agosti kitambaa kilimsimama mkononi. Ubavuni mwa injini palikuwa na ufa mrefu kama kidole, na barafu imechungulia humo kama jino.

Hakushangaa.

Mzee Luvanda alikuwa nahodha miaka mingi huko Ziwa Nyasa, kwenye joto. Huko chombo kikifika ufukweni, injini huinuliwa ili mguu wake, ule unaozama majini, usigonge mawe. Anayeiacha imechovya mguu majini huitwa mvivu. Mzee alipanda milimani na desturi hiyo. Lakini injini ile hunywa maji ya bwawa ili isichemke. Ikiachwa wima, maji hushuka yenyewe. Ikiinuliwa, hubaki tumboni. Na Twilumba, mtoto wa milimani, alijua vizuri kwamba mtungi uliosahauliwa nje na maji yake huamka umepasuka siku ya sakitu, maana maji yakiganda hutanuka.

Angesemaje? Kwa desturi ya pale, mkamwana hamwelekezei baba mkwe maneno. Akiwa na neno huliambia kitu kingine, naye mzee akisikia, amesikia. Kwa hiyo jioni nyingi Twilumba alikuwa ameliambia kasia kwamba injini ikilala imeinuliwa, maji yatagandia ndani. Mzee alikunja kamba zake tu. Siku moja alilijibu kasia hilo hilo: "Kasia, mwambie aliyekutuma kwamba nilivusha watu yeye hajaota meno. Tena baridi imeshaaga, jua linachoma migongo." Abiria walicheka. Twilumba naye alicheka kidogo, asionekane amekasirika.

Sasa ufa ulikuwa huo. Mzee alisema injini ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Ilibebwa mjini kwa fundi ikachomelewe, na watu wakawa wanazunguka bwawa kwa miguu, kutwa nzima. Katika mzunguko huo Enela, binti wa mzee mwenyewe, alishikwa na uchungu njiani alfajiri, akajifungulia kwenye nyasi zenye sakitu. Twilumba, wifi yake aliyemsindikiza, ndiye aliyemfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akimpulizia pumzi vidoleni mpaka zahanati. Mtoto alipona, lakini Twilumba aliporudi nyumbani hakula. Alijua kwamba alichokuwa amelinong'oneza kasia, alipaswa kumwambia mtu.

Injini iliporudi, kijiji kizima kilishuka bwawani. Boti ilivusha watu mpaka jua likapoa. Kisha Mzee Luvanda akaielekeza ufukweni, akaishika injini, akaanza kuiinua kama alivyozoea.

Twilumba alichukua kasia, akafungua mdomo aliambie. Enela alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni. Twilumba akalitazama kasia, akalilaza ndani ya boti. Akaingia majini mpaka magotini, akaweka viganja viwili juu ya injini, akaisukuma chini.



"Kasia," mzee alisema, "mwambie huyo aondoe mikono."

"Kasia limelala, Baba." Kwa mara ya kwanza Twilumba alimtazama usoni. "Leo unasema na mimi."

"Tangu lini mkamwana akanijibu mbele za watu?"

"Tangu mjukuu wako azaliwe kwenye nyasi." Aliikandamiza injini zaidi. "Nahodha ni wewe, sikuondoi kwenye usukani. Lakini injini hii hailali tena imeinuliwa. Isimame, iteme ilichokunywa. Ukiiinua, nitaishusha. Ukiifunga kamba, nitaikata. Nifukuze nyumbani kwako, nitatoka kwa mama yangu kila jioni nije kuishusha."

Mzee alimtafuta binti yake kwa macho. Enela aligeuka tu, mtoto aonekane. Mzee akamwangalia mjukuu, akaangalia kovu la kuchomelea ubavuni mwa injini. Mikono yake ikalegea. Injini ikashuka taratibu, na wote wakasikia tumbo lake likikoroma, maji yakitafuta njia ya kurudi bwawani.

"Maneno yote hayo," mzee aliuliza kwa sauti ya chini, "ulikuwa umeyaweka wapi?"

Twilumba hakuondoa viganja vyake.

"Ndani, Baba, kama injini hii. Na mimi sitangoja kupasuka. Maji yaliyonyimwa njia hupasua chuma."