Moshi Kwenye Nyumba ya Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Naona akina mama ndio wanaoitikia. Akina baba, mmemeza ulimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Sogeeni, maana hadithi ya leo ni yenu, na wala si ya kuchekesha.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya misitu ya miombo, palikuwa na mrina asali aliyeitwa Mihayo. Mke wake alifariki akamwachia binti mmoja, Kabula, mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mihayo akamwogesha mwenyewe, akamkorogea uji mwenyewe, akambembeleza mwenyewe. Kabula akakaa, akatambaa, akasimama dede. Ndipo msimu wa asali ukafika.

Dada yake Mihayo, jina lake Ngollo, akaja na mbeleko mkononi.

"Kaka, nipe mtoto nikamlee. Wewe mwanamume, huko msituni utamweka wapi?"

"Mgongoni," akasema Mihayo.

"Mgongoni! Na nyuki?"

"Na nyuki."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kambi ya asali ilikuwa ya wanaume, na hakuna mtoto aliyewahi kulala huko. Lakini Ngollo hakucheka. Alimshika Kabula mkono, akaubonyeza pale juu ya kiwiko.

"Haya, nenda naye. Mkirudi nitaubonyeza mkono huu huu. Nikikuta mfupa, mtoto ni wangu. Utakuwa unakuja kumsalimia kama mgeni."

Mihayo akakubali. Angefanyaje? Akajifunga ile mbeleko, watu wakimwangalia, akaingia msituni.

Warina asali wenzake walikaa naye siku chache tu. Kabula alikuwa akilia, nao wakanung'unika kwamba atawafukuzia nyuki. Wakahamisha kambi, wakamwacha. Basi Mihayo akawa peke yake. Akipanda mti, Kabula yuko mgongoni. Akifukiza mzinga, anamfunika uso kwa nguo. Akishuka, anakoroga uji wa mtama, anapuliza, analisha, anafuta pua, halafu ndipo anakumbuka kwamba na yeye ana tumbo.

Siku moja, akiwa analisha, alimwona ndege Hondohondo anapita chini chini kati ya miti, mdomo wake mkubwa umejaa makuyu. Amekonda, manyoya yamemtoka shingoni.

"Ndugu," akaita Mihayo, "mbona umekwisha hivyo?"

Hondohondo akatua. "Ninalea. Mke wangu nimemzibia ndani ya mti, yeye na kifaranga, nimewakandikia udongo nyoka asiwaingilie. Umebaki upenyo wa kupitisha mdomo. Mke wangu amenyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka. Nisipopeleka mimi, hawali."

"Mti gani huo?"

"Hilo usiniulize. Nyumba ya hondohondo haionyeshwi, hata kwa rafiki."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Kila wakikutana, mmoja huuliza, "Wako amekula?" Na mwenzake hujibu, "Wangu amekula. Mimi nitakula kesho." Kisha wanacheka kidogo, kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Nawaambia, hapakuwa na viumbe wawili waliochoka kama wale, na kila mmoja alifurahi kumwona mwenzake.

Lakini mwaka ule mvua ilikuwa haba. Miti haikutoa maua, mizinga ikawa mitupu, na mtama ukaisha mfukoni. Kabula akaanza kulegea. Kila asubuhi Mihayo aliubonyeza ule mkono, na kila asubuhi mfupa ulikuwa karibu zaidi.

Ndipo akaja Mlembe. Mnamjua Mlembe? Ni yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali ya porini. Ujira wake ni sega moja, unamwekea juu ya jani kabla wewe hujalamba kidole. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi. Tena Mlembe hajui kulea. Hutaga mayai kwenye viota vya ndege wengine, akaenda zake.

"Mrina, mrina, nifuate!" akaita Mlembe. Mihayo akamfuata, akapata asali, kidogo tu.

"Niachie sega langu."

"Kesho, Mlembe. Leo mtoto hajala."

Mlembe akaruka zake. Siku ya pili akaita tena, "Mrina, mrina, nifuate!" Asali ikapatikana, kidogo kuliko ya jana.

"Niachie sega langu."

"Kesho, Mlembe. Leo mtoto hajala."

Siku ya tatu, vilevile. "Niachie sega langu." "Kesho, Mlembe. Leo mtoto hajala."

"Mtoto, mtoto, mtoto!" akasema Mlembe kwa hasira. "Mimi wangu nimewatupa, na wanaishi. Haya. Kesho nitakuonyesha mti ambao hujawahi kuuona."

Mihayo hakuisikia ile hasira. Alisikia mti tu.

Kesho yake Mlembe akampeleka mbali, mpaka kwenye mninga mkubwa. Juu ya shina palikuwa na tundu lililozibwa, umebaki upenyo mwembamba. Nyuki wadogo nao huziba mlango wao hivyo hivyo, na kwa njaa ile Mihayo aliwaza nyuki tu. Kwa kawaida mrina hugonga shina kwa mpini wa shoka, akaweka sikio asikilize kama kuna mvumo. Mihayo aligonga, akaweka sikio. Lakini Kabula alikuwa analia mgongoni kwa njaa, analia kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, na Mihayo hakusikia kitu kingine.

"Nyamaza, mwanangu. Sasa hivi utakula."

Akawasha majani mabichi, akaelekeza moshi kwenye upenyo, akapuliza. Akapuliza tena. Kabula alipochoka kulia, ndipo Mihayo akasikia. Ndani ya mti kulikuwa na kikohozi.

Alichukua shoka akavunja ule udongo kwa haraka. Akamkuta mama hondohondo, amenyonyoka mabawa, amemfunika kifaranga kwa mwili wake. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Mlembe hakuwapo tena. Aliyekuja alikuwa Hondohondo, mdomo umejaa makuyu. Alitua tawini, akatazama tundu, akatazama shoka, akatazama kijinga cha moto.

Mihayo akapiga magoti na mtoto wake mgongoni. "Ndugu yangu, sikujua. Niue."

Hondohondo akashuka tawini. Akayaweka makuyu chini, mbele ya Mihayo.

"Wako amekula?" akauliza.

Mihayo akamshusha mtoto mgongoni. Kabula akanyoosha mkono, akachukua kuyu, akala.

Kesho yake Hondohondo akaleta makuyu. Na kesho kutwa. Alikuwa amezoea kulisha, hakujua tena namna ya kuacha. Alikuwa akiyaweka chini, anaondoka. Na Mihayo, Mungu amsamehe, aliyaokota, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa.

Msimu ukaisha, wakarudi kijijini. Ngollo akatoka mbio, akaubonyeza ule mkono juu ya kiwiko. Ulikuwa umejaa, laini, mfupa hauonekani.

"Jamani, njooni muone!" akapaza sauti. "Huyu ndiye mwanamume! Huyu ndiye anayejua kulea! Kaka, mtoto ni wako, hakuna atakayekunyang'anya!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Wale warina waliomhama wakaja kumpa mkono. Mihayo alisimama katikati yao, ameinamisha kichwa, analia, na watu wakadhani analia kwa furaha.

Ndiyo maana mpaka leo mrina asali akiukuta mti uliozibwa, hagusi moto kabla sikio lake halijatulia. Na Hondohondo mkimsikia analia kule msituni kama mtoto mchanga, msimrushie mawe.

Hadithi yangu naiweka chini hapo. Na ninyi akina baba, inukeni mwende mkawaangalie watoto kama wamekula.