Viazi Vitatu vya Nasra

Wenzangu, mko macho?

Tu macho.

Masikio mmeyaleta?

Tumeyaleta.

Zamani hizo, siku ya Ijumaa, tarehe nane Mfungo Tano, saa kumi alasiri, huko milimani kwenye baridi, binti mmoja aitwaye Nasra aliloweka viazi vitatu vya maua ya anemoni. Vilikuwa vidogo, vikavu, kama mavi ya mbuzi.

"Mama, tuvipande kesho. Vikikaa sana majini vitaoza."

Kabla ya magharibi homa iliyomshika tangu juzi ikamzidia Nasra, akafariki.

Asubuhi wakamzika. Kaka yake mama, Sheuya, aliporudi makaburini, alimkuta dada yake Mwajabu amekaa na bakuli la viazi mapajani.

"Kaka, juu ni wapi hapa, na chini ni wapi?"

"Sijui, dada. Vilaze ubavu, kama nilivyomlaza mwanao."

Akavilaza ubavu vyote vitatu, akavifukia nyuma ya nyumba.

Siku saba zikapita. Mwajabu akafukua kimoja. "Nasra, umechipua?" Hakuona chipukizi. Akakirudisha, kikafa.

Siku saba tena, akafukua cha pili. "Nasra, umechipua?" Akakirudisha, nacho kikafa.

Siku saba tena, akashika jembe. Udongo ukatikisika, fuko akatoa pua.

"Wee mama, unatafuta nini kwangu?"

"Mwanangu."

"Hapa hakuna mtoto. Kuna kiazi, na nilikuja kukila."

"Mbona hukukila?"

"Nimekikuta kimetoa mzizi, mwembamba kama unywele. Vile viwili navyo vilitoa. Ukavikata mizizi wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi mwenye njaa nimekiacha. Wewe mwenye mapenzi umeshindwa kukiacha?"

Jembe likamtoka mkononi. Mwajabu akarudishia udongo kwa viganja, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Tangu hapo akawa anakuja, anamwagilia, anasoma Fatiha, anaondoka.

Baridi ikapita. Ua moja likachanua, jekundu, na weusi katikati. Mwajabu hakulichuma. Aliliinamia, akasema neno lililomshinda siku zote hizo:

"Lala, mama."

Na fuko? Alihamia kwenye viazi vitamu vya jirani. Jirani msimwambie.

Hadithi nimeilaza hapa, msiifukue. Tuliyemlaza tumwachie Mola wake.

Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu Nasra, mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, na utukutanishe naye kwa wema.

Itikieni, wenzangu.

Amina.