Maji Yagombanayo Ndani

"Maji yagombanayo ndani hayafiki shambani." Mmeisikia hapo bandani, mkacheka, mkaniuliza ni nani aliyeitunga. Haikutungwa. Ilimtoka mwanamke mwenye hasira, nami nilikuwapo. Methali hii ilianza hivi.

Tulipohamia huku tambarare kulima mpunga, tulishuka na akili zetu za milimani. Kule Upare tulikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji, na kila mtoto alijua kwamba ukiubana mdomo wa ndiva, maji hutoka kwa nguvu. Basi tulipopata pampu ya dizeli, Mzee Senzia, bwana zamu wetu, mgawa maji, akaishika koki ya kutolea maji akaibana vilevile, likabaki tundu dogo tu. Maji yakaruka kama mshale! Tukashangilia. Kishindo kikasikika hadi ng'ambo ya mto, tukasema hiyo ndiyo pampu.

Ila mfereji uliishia kukauka katikati. Wa juu walipata maji, sisi wa mwisho tukapata mngurumo. Shamba la Nakiete, mjane, lilikuwa la mwisho kabisa, na mpunga wake ulikuwa unachanua. Mpunga ukikosa maji wakati huo hutoa mapepe matupu, naye hakuwa na shamba jingine. Kila alipolalamika aliambiwa, "Mama, huoni yanavyoruka?" Waliosema hivyo nawakumbuka wote kwa majina.

Siku ya zamu yake akaja pampuni na jembe begani. Senzia, ili kumridhisha, akaongeza moto wa injini. Pampu ikatetemeka, ikasikika kama inatafuna kokoto. Nakiete akaligusa tumbo la pampu, akaurudisha mkono upesi.

"Linaunguza."

"Injini huunguza, mama."

"Injini ile pale. Hili ni tumbo la maji, na mto ni baridi. Nani kayachemsha, Baba Senzia?"

Senzia akaitazama koki.

"Umeyafungia mlango. Feni ya humo ndani inayapiga, yanazunguka humo humo, yanapigwa tena. Mafuta yote yanaishia kwenye ngumi. Fungua."

"Nikifungua, nguvu itapotea."

"Nguvu ya kumfurahisha nani? Mpunga hautazami mruko, unakunywa. Maji yagombanayo ndani hayafiki shambani. Fungua, au nitafungua kwa jembe hili."

"Utanivunjia koki, mwanamke wewe."

"Bora nivunje koki kuliko wanangu kulala njaa."

Senzia akaizungusha koki mpaka mwisho. Mshale ukaanguka. Watu wakaguna, "Basi, ameiua." Lakini kokoto zilinyamaza, na kwenye bomba yakatoka maji manene, yamejaa mdomo mzima, yanashuka bila makeke. Tukaufuata mfereji mbio, wazee kwa vijana, tukishindana na maji yaliyosukuma majani makavu mbele yake. Yakafika pale yalipozoea kufia. Yakapita! Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanalia, na Nakiete alishatangulia, amesimama katikati ya mpunga wake, tope likimpanda miguuni.

Senzia akafika mwisho, anahema. Akainama, akautia mkono majini.

"Ni ya baridi," akasema.

Kwa hiyo wanangu, mkiwaona watu wananguruma na huku mwisho wa mfereji pamekauka, msiwapigie makofi. Nendeni mkaguse tumbo. Maji yagombanayo ndani hayafiki shambani.