Kimondo na Banda la Mlango wa Nakshi

Paukwa! Nasema paukwa, ama mmelala? Haya, pakawa, sogeeni karibu.

Hapo zamani, zamani sana, palikuwa na farasi jike akiitwa Kimondo. Kila mwaka alishindana mbio na farasi wa mji jirani. Mji ulioshinda ulimiliki mwaka mzima kisima kilichokuwa kati ya miji hiyo miwili. Kimondo alishinda mara tatu mfululizo.

Mfalme Shomvi wa mji wake akafurahi, akamjengea banda. Banda hilo, wacheni tu! Kuta za mawe, zulia chini, mlango wa nakshi uliochongwa kwa kipimo cha mwili wake. Mfalme akaapa, "Mlango huu hauguswi na shoka."

Basi wageni wakamiminika kulitazama, na kwenda kwa mtu mikono mitupu ni aibu. Huyu kaleta tende, yule halua, yule mkate wa asali. Kimondo akala, akala, akala. Zilipobaki siku arubaini kabla ya mbio, akataka kutoka. Kichwa kikapita, shingo ikapita, mabega yakagoma.

Kondoo akamwambia, "Kula, mwenzangu."

Paka akamwambia, "Lala, dada."

Punda, mchota maji wa mji mzima, akasema, "Wale wakishinda, Bi Kimondo, sisi tutakunywa matope."

Kimondo aliona haya, akaona na uchungu. "Nitatoka," akasema.

Tangu hapo halua hakuigusa. Akazunguka bandani, mbio, mbio, mbio. Zulia likachanika, chokaa ikabanduka.

Mfalme akaja juu. "Unaniharibia banda langu!"

"Niwie radhi, bwana mkubwa. Ulilijenga kwa sababu ya mbio," akajibu, huku anazunguka.

Siku ya kumi alijaribu mlango. Mabega yakapita, tumbo likagoma. Siku ya thelathini nusu ya tumbo ikapita, akarudi kuzunguka. Asubuhi ya mbio alijisukuma mpaka ubavu ukachubuka, akatoka. Alikimbia vivyo hivyo, damu inamtiririka, akashinda kwa hatua moja tu.

Mfalme akaufungua tena mlango wa nakshi. "Ingia upumzike, mwanangu."

"Muweke kondoo humo," akasema Kimondo, akafuatana na punda kisimani.

Basi wenzangu, ukisifiwa kwa kazi yako, usiiache kazi ukakaa kulea sifa. Ngano yangu imekomea hapo kisimani. Mwenye kubisha akamuulize kondoo kule bandani, kama ataweza kumtoa mlangoni.