Kenge Aliyepanda Mti kwa Mngurumo wa Malori

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana lami ilikwisha kufika, Chiriku na mkewe walijenga kiota juu ya mgunga kando ya barabara. Mungu akawajalia makinda watatu.

Basi hapo ndipo vurugu zilipoanza. Mama anatua na kiwavi mdomoni, anaita, "Chwi! Chwi!" Lori nalo: vuuuuum! Makinda hawasikii, wamelala. Akiondoka, lori jingine linatikisa tawi, makinda wanapanua midomo, "Mama! Mama!" Wanalililia lori!

"Baba watoto, umewalisha?"

"Mimi? Si zamu yako?"

"Nimekuita, kiziwi we!"

"Umeniita saa ngapi?"

Wakibishana hivyo, wakaona kinda mmoja hayupo. Chini ya mti, Kenge anajilamba.

"Ahsanteni, majirani. Lori likinguruma, mimi napanda. Pigeni yowe, nani atasikia? Hao wawili nawafuata lori likija."

Mama akalia. "Mume wangu, Mola anisamehe. Nimekuita kiziwi, kumbe hata mimi sisikii."

"Hatusikii sote," mume akasema. "Au Kenge ana masikio ya chuma?"

Mama akageuka ghafla. Akautazama mgunga wa ng'ambo ya barabara, wenye tundu juu shinani. Kisha, barabara ikiwa kimya, akapaza sauti:

"Tumshukuru Mungu, bwana! Watoto tumeshawaficha kwenye tundu la mgunga ule!"

Mume akababaika. "Tumewaficha lini? Si hawa ha..."

Mama akamjaza kiwavi mdomoni.

Kenge akacheka kimoyomoyo. Akajilaza mtaroni kungoja, maana hakuzoea kupanda pakiwa kimya. Lori hilo, vuuuuum! Kenge mbio, kwaru kwaru kwaru, kichwa chote tunduni.

Lori likapita. Ndipo akasikia: zzzzzzz!

"Mama wee! Nyuki!"

Puu! Akaanguka chini, akakimbia macho yamevimba, wala hakurudi tena.

"Nyuki? Nyuki gani?" mume akauliza, mdomo umejaa. "Mbona sielewi?"

"Utaelewa baadaye. Usimeze, hicho cha watoto! Na usiwaite, waguse midomo."

Mume akawagusa. Makinda wakapanua midomo, wakala.

Basi wanangu, hadithi imetua: anayejificha ndani ya kelele, hasikii linalomngoja.