Bibi Kizee Aliyesimama Mlangoni

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, mpima ardhi mmoja alimaliza kumkata bintiye kucha, akamfuta vidole kwa kanga, akamwuliza, "Haya, sasa tufanye nini?" Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile. Mtoto alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla.

"Tusome," mtoto akasema, akakimbilia kitabu.

Ndugu zangu, vitabu vya namna ile mmeviona. Ngano za zamani za wafalme na mazimwi, zimefupishwa kwa ajili ya watoto wadogo. Picha ya rangi imejaa karibu ukurasa wote, na chini yake mistari mitatu, minne ya maandishi. Mpima ardhi alikinunua mwenyewe. Alikuwa mtu wa chuo kikuu, mtu wa vipimo. Hatua moja ikimpotea shambani, alirudi mwanzo wa mpaka akaanza upya. Alitaka mwanawe akue na vitabu. Lakini kazi ilimweka maporini wiki nzima, kwa hiyo kusoma alimwachia mkewe. Kila aliporudi aliuliza, "Mmefika ukurasa wa ngapi?" Mkewe alijibu, "Tumefika kwa yule bibi kizee mwenye gunia." Naye akaridhika.

Siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma yeye. Akafungua penye bibi kizee. Ajuza amepinda mgongo, gunia begani, amesimama mlangoni. Ndani, msichana mdogo amelala kitandani. Akasoma, "Mchawi akagonga mlango. Alikuwa amekuja kumwiba binti wa mfalme."

"Siyo hivyo," mtoto akasema.

"Siyo nini?"

"Huyu siyo mchawi. Ni bibi yake. Amekuja kumchukua ampeleke kwake, maana hapa hakuna mtu wa kukaa naye."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu, baba. Wewe hujui kusoma."

Naona mnacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ya mazishi, mama mkwe wake alikuwa pale nyumbani. Alikuja kwa ajili ya msiba, matanga yakaanuliwa, ndugu wengine wakaondoka, yeye akabaki. Ndiye aliyemwogesha mtoto, ndiye aliyemlaza. Na huko ukweni maneno yalikuwa yameanza kutupwa, kwamba mtoto wa kike hakui vizuri kwa mwanamume mwenye safari nyingi. Mpima ardhi aliyasikia. Katika ndoa ile yote alibakiwa na mtoto tu.

Sasa mambo madogo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Kwa nini mama mkwe hupunguza sauti kwenye simu mtu akiingia? Kwa nini masweta ya mtoto, ambayo hayavaliwi na joto hili bali huko ukweni kwenye baridi, yamefuliwa juzi na kukunjwa? Kwa nini mtoto ameanza kuimba nyimbo za kwao bibi yake? Jambo lolote katika hayo, peke yake, si kitu. Lakini mtu akishaanza kushuku, hakosi ushahidi. Hata ukimletea chai, atajiuliza leo umeileta kwa nini.

Akatoka uani. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye jamvi akichambua maharage. Alipomwona alivuta kanga, akageuzia uso pembeni, kama desturi yao ilivyo baina ya mama na mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mtoto ananiambia bibi wa kitabuni amekuja kumchukua."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. "Kitabu gani?"

"Cha picha. Unakijua."

"Baba, hicho kitabu sijawahi kukifungua hata siku moja."

"Basi nani amemfundisha? Kimeandikwa hivi, yeye anasema vile. Maandishi hayajibadilishi."

 Mama mkwe akazidi kuinama. Kila siku aliinama mbele ya mkwewe, na kila siku yeye aliona heshima. Siku ile aliona hatia. Wewe ungeona nini?

"Kesho kuna basi la saa nne," mpima ardhi akasema. "Nitakusindikiza mpaka stendi."

"Kama ni mimi ninayekukera, baba, nitaondoka. Ila nakuomba kitu kimoja. Mtoto usimwulize tena habari ya kitabu."

Mtu anayeshuku ukimwambia asiulize, utakuwa umemwonyesha pa kuuliza. Mpima ardhi aligeuka, akaingia ndani moja kwa moja, akamketisha mtoto pajani.

"Nionyeshe bibi anavyokusomea."

"Bibi hasomi. Bibi anasema hana macho ya kusomea. Mama ndiye alikuwa anasoma."

"Haya. Mama alikuwa anasomaje?"

Mtoto akanyoosha kidole kilichokatwa kucha muda si mrefu. Akakiweka usoni pa ajuza. "Huyu ni bibi." Kikahamia begani. "Gunia lake lina ndizi mbivu, ametoka nazo kwake." Kikaenda kitandani. "Huyu mtoto anamsubiri. Mama yake anaumwa." Kidole kilizunguka picha yote, pole pole, hakikurukia mahali. Kwenye maandishi hakikushuka.

"Na huku chini?" baba akauliza, akigusa ile mistari. "Huku mama alisema kuna nini?"

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea haya mwenzake asiyejua jambo dogo.

"Hao ni sisimizi, baba. Mama alisema tuwaache, wanapita tu."

Mpima ardhi akaanza kukumbuka. Aliona kitabu cha nyimbo mikononi mwa mkewe kila Jumapili, na namna alivyogeuza ukurasa mara jirani yake alipogeuza. Aliona fomu za zahanati: "Jaza wewe, una mwandiko mzuri." Aliona ujumbe wote aliomwandikia akiwa maporini, usiojibiwa hata mmoja, na mkewe kwenye simu akisema, "Wewe nipigie tu, nisikie sauti yako." Miaka saba.

Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakugeuza uso.

"Nilimtoa shule darasa la pili," akasema. "Nilijifungua mapacha, nikakosa wa kuwabeba. Siku mlipoleta posa aliniapisha nisikwambie."

"Na hiyo ya bibi kuja kumchukua mtoto?"

"Alipoona ugonjwa haumwachi, aliniomba nije nimchukue. Nikamkatalia. Nilimwambia mtoto ana baba yake, hachukuliwi na mtu."

"Mama, mimi ningemfundisha! Mwaka mmoja tu angekuwa anasoma. Alikuwa anaogopa nini?"

"Wewe, baba."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotaka tufike. Mtu huyu alikuwa na jicho la kuona mpaka uliosogezwa kwa hatua moja. Aliona masweta yaliyokunjwa. Aliona sauti iliyopunguzwa. Lakini kwa miaka saba hakumwona mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja akiogopa swali dogo, "Mmefika ukurasa wa ngapi?" Hakumpiga. Hakumtukana. Alikuwa mume mwema, na mimi sisemi vinginevyo. Ila alikuwa sahihi kila siku, na nyumba nzima ilijifunza kujificha mbele ya usahihi wake.

Na sisi? Sisi tunaojua maandiko, tunaojua sheria, tunaojua mtoto wa fulani alipata alama ngapi? Ukiingia nyumbani kwako leo mchana, nani ataficha nini? Mke atageuza nini kifudifudi? Mwanao ataimeza habari gani aliyokuwa karibu kuisema? Tunaweka komeo, tunamtazama mgeni mlangoni kutoka juu hadi chini, tunamshuku msichana wa kazi, tunamshuku mkwe, tunamshuku jirani. Swali letu siku zote ni yule ana siri gani. Hatuulizi kwa nini aliona afadhali afe nayo kuliko kutuambia sisi. Mungu ndiye peke yake ajuaye kila kitu juu yetu, na bado tunamkimbilia. Watu wetu wanatujua sisi, na wanatukimbia. Nani kati yetu hapa anaweza kusema jambo hili haliko nyumbani kwake?

Mtaniuliza kama mama mkwe alipanda lile basi. Asubuhi, kabla mtoto hajaamka, mpima ardhi alitoa kiti kilichokuwa chake siku zote, akakiweka uani, akamkaribisha mama mkwe aketi. Yeye akakaa chini, hatua chache mbele yake, jambo ambalo mkwe wa kule hafanyi. Akasema, "Mama, naomba unisimulie habari za mke wangu. Anza alipozaliwa. Mimi simfahamu."